Fundo la Mguuni

Jino lilikuwa limefungwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, na karatasi imewekwa katikati ya meza ya mwalimu mkuu, ubavuni mwa muhuri na kikombe cha chai iliyopoa. Bi Mwanakheir aliambiwa aifungue mwenyewe. Akaifungua. Lilikuwa jino la mbele, la ukubwani, jeupe, na mzizi wake una damu iliyokwisha kukauka.

"Hilo halioti tena," alisema mwalimu mkuu, Mwalimu Abdulwahid. "Mtoto wa watu ana miaka minane. Atabaki na pengo mpaka anaingia kaburini."

Bi Mwanakheir aliikunja karatasi kama alivyoikuta. Alitafuta kifuani mwake haya, au huruma, au hata hasira, apate uso wa kumwonesha mwalimu, asipate kitu. Hii ilikuwa mara ya tano anaitwa ofisini humu tangu muhula uanze. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikaa tu, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyekuja kulipia umeme.

Mjukuu wake, Tahiya, alikuwa amesimama kando ya kabati. Kusema kweli hakusimama. Alipanda juu ya vidole akashuka, akavuta droo, akairudisha, akauchukua muhuri mezani akajigonga nao kiganjani.

"Tahiya, weka," alisema bibi yake.

Akaweka. Kisha akauchukua tena. Si kwa ukaidi. Uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa, uso wa mtu ambaye hajaambiwa kitu.

Mwalimu Thuwaiba, anayesomesha darasa la pili, alieleza yaliyotokea huku ameegemea ukuta. "Nilikuwa naandika ubaoni. Nageuka, huyu keshapanda juu ya dawati. Namwambia shuka. Akashuka kwa kuruka, dawati likapinduka, likampiga Yusra mdomoni."

"Hakukusudia, mwalimu."

"Hakukusudia. Juzi alipolichana daftari la mwenzake hakukusudia. Alipotoka mbio getini, gari likasimama hatua moja mbele yake, hakukusudia. Bi Mwanakheir, mimi nna watoto sabini na wanne mule ndani. Wanaokusudia nawaweza. Anayenishinda ni huyu mmoja asiyekusudia."

"Basi mchapeni."

"Tushamchapa." Mwalimu Thuwaiba alitazama chini. "Hapigiki huyu. Ukimpiga analia, na machozi hayajakauka keshafanya lile lile. Mkono wangu ndio uliochoka, Bibi."

Mwalimu mkuu aliuchukua muhuri kutoka mkononi mwa Tahiya akaufungia kabatini. "Mwaka jana walikuja watu wa hospitali kutupa mafunzo," alisema. "Wakatwambia kuna watoto ukiwaona utasema jeuri, kumbe ni maradhi. Mimi, nikwambie kweli, nilikuwa nasinzia. Lakini mpelekeni. Abaki nyumbani mpaka mje na barua. Jumatatu msipokuja nayo, ntakupeni karatasi ya uhamisho."

"Uhamisho wa kwenda wapi?"

"Hilo mtalijua wenyewe," alisema mwalimu mkuu, na alionekana kuona haya kwa kulisema.

* * *

Jioni ile Bi Mwanakheir alimshika Tahiya mkono, akachukua sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa, wakenda Sokomuhogo kwa kina Yusra kuomba radhi. Mama wa Yusra, Bi Muzdalifa, alifungua ubao mmoja wa mlango, mwengine akauacha umekomewa.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam." Hakusema karibu.

"Nimekuja kwa lile la skuli, mwanangu. Tusameheane. Jino tutalitazama gharama yake, tutajibana."

"Sitaki pesa zenu," alisema Bi Muzdalifa, na hakuteremsha sauti. Wanaume watatu waliokuwa wakinywa kahawa kwenye baraza ya pili walinyamaza ili wasikie vizuri. "Nnachotaka mimi, mwanangu asikae chumba kimoja na huyo. Watoto hulelewa na mama zao, Bi Mwanakheir. Mama yake huyo yuko Uroa anatandikia wageni vitanda. Nyumba ikibaki na ajuza, mtoto hujilea mwenyewe."

"Ni kweli," alisema Bi Mwanakheir. Hakuona faida ya kubisha. Alinyoosha sahani.

"Weka hapo chini."

Akainama kuiweka kwenye kizingiti. Wakati huohuo Yusra alichungulia nyuma ya kiuno cha mama yake, mdomo umevimba kama umeumwa na nyuki, na Tahiya akamwona.

"Yusra! Njoo tucheze!"

Alisema kwa furaha ya kweli, kisha akajitupa mlangoni kumkumbatia. Bi Muzdalifa alipiga ukelele na kumsukuma. Mguu wa mtoto ukapiga sahani. Vitumbua vikabingirika kwenye uchochoro, vingine mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Tahiya akaokota kimoja, akakifuta kwenye nguo yake, akakila.

Watu wa barazani wakacheka. Mmoja wao aliinuka, akakusanya vilivyobaki, akamkabidhi Bi Mwanakheir sahani bila ya kumtazama usoni. Njia nzima ya kurudi Tahiya alikuwa akiuliza kwa nini Yusra hakutoka kucheza. Bibi yake alikuwa akihesabu vidato vya ngazi za nyumba yao ya Kiponda kabla hajavifikia, thelathini na sita mpaka ghorofa ya tatu, na kuona kwamba ni vingi.

* * *

Asubuhi yake ilikuwa Jumatano. Bi Mwanakheir aliamka alfajiri kama siku zote, akachoma vitumbua, akavipanga kwenye beseni. Saa moja na nusu vilitakiwa viwe vimefika kwa wauza chai wawili wa Darajani; ukichelewa, wananunua kwa mwengine, na kesho hawakungoji. Siku nyengine saa ile Tahiya huwa skuli. Leo alikuwa nyumbani, na keshamwaga kopo la sukari, keshapanda juu ya kabati, keshauliza maswali kumi asingojee jibu hata moja.

Kwenda naye sokoni haikuwezekana. Mara ya mwisho alimponyoka, akapatikana baada ya saa mbili bandarini. Kumwacha peke yake pia haikuwezekana. Mara ile aliyomwacha, alirudi akamkuta amekaa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, miguu inaning'inia nje, akiwatemea mate paka.

Bi Mwanakheir akachukua kanga kuukuu. Akaipitisha kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, akaizungusha mara mbili na nusu, ncha nyengine akaipeleka kwenye tendegu la kitanda, na fundo akalifunga upande wa chini, mahali ambapo vidole vya mtoto havifiki. Mikono ilifanya yenyewe. Hakuifikiria kabisa.

"Bibi, mimi mbuzi?" aliuliza Tahiya akicheka.

"Ndiyo, wewe mbuzi. Nnarudi sasa hivi."

Hakurudi sasa hivi. Muuza chai mmoja alikuwa hajafika, ikabidi amngoje. Alipopanda ngazi ilikuwa inakaribia saa tatu. Kutoka chumbani hakukusikika kilio, na hilo ndilo lililomfanya aongeze mwendo.

Mlango ulikuwa wazi. Tabia, binti yake na mama wa Tahiya, alikuwa amekaa sakafuni na nguo zake za kazi za hoteli, viatu hajavua, amempakata Tahiya. Skuli walikuwa wamempigia simu jana. Alimlilia msimamizi wake, akapewa ruhusa ya siku mbili bila ya malipo, akatoka Uroa alfajiri. Kifundo cha mguu wa mtoto kilikuwa chekundu, kimechubuka. Kanga ilikuwa sakafuni vipande viwili, na pembeni yake kisu cha jikoni.

"Nilitaka kulifungua," alisema Tabia. "Limenishinda. Fundo lile lile, Mama. Lilinishinda nna miaka sita, na leo limenishinda."

Bi Mwanakheir aliteremsha beseni. "Angetoka dirishani."

"Najua."

"Ungekuta maiti hapa."

"Najua, Mama. Sikulaumu." Tabia alikuwa akimsugua mtoto mguu, na mtoto keshaanza kujipinda apate kushuka. "Nilikuwa nakwenda kwa kujificha kumfungua Ubwa, ukinikamata na mimi unanitandika. Unakumbuka? Mwaka mzima ulimfunga. Mpaka leo ana alama, ndiyo maana havai kaptura."

"Ubwa alikuwa mwengine."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa mtoto mbaya," alisema Bi Mwanakheir, kwa sauti ya mtu anayesema kwamba nje kuna jua.

Ubwa alikuwa mwanawe wa kwanza. Alifukuzwa skuli mbili na vyuo vitatu vya Kurani. Alipofika miaka kumi na tano aliondoka nyumbani bila ya kuaga. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tano anayeuza viatu vya mitumba Mwanakwerekwe, keshaoa mara tatu na kuacha mara tatu. Kila sikukuu huja mpaka mlango wa chini, akampa mama yake kilo mbili za nyama na sukari, akamwamkia, akenda zake. Ngazi hapandi.

* * *

Alkhamisi walikwenda hospitali. Walielekezwa kwenye kibanda cha nyuma, penye benchi refu linaloelekea njia, na kila apitaye huona nani amekaa. Hawajamaliza robo saa akapita mwanamke mmoja wa Kiponda na bahasha ya picha za eksirei.

"Bi Mwanakheir! We, umefuata nini huku kwa wendawazimu?"

"Nimemsindikiza mtu."

"Nani?"

"Mtu," alisema Bi Mwanakheir. Yule mwanamke akamtazama Tabia, akamtazama Tahiya aliyekuwa akitambaa chini ya benchi, akasema Mungu atasahilisha, na mtaani habari ikafika kabla yao.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Wakil, kijana wa ndevu chache, koti lake jeupe limempita kimo. Alimwamkia Bi Mwanakheir shikamoo kabla ya kukaa. Hakumwambia Tahiya atulie. Alimpa boksi la vifuniko vya chupa akamwacha navyo sakafuni, huku mwenyewe akimwangalia kwa pembe ya jicho muda wote.

Aliuliza kwanza juu ya uzazi, homa, kifafa, macho na masikio. Akamgeukia Tabia. "Usiku hulala saa ngapi?"

"Mimi hulala kazini," alisema Tabia. "Nyumbani nnakuja Ijumaa."

"Chakula hula vipi?"

"Muulize Mama."

Kila swali lilikuwa vivyo hivyo. Mwisho Tabia akauinamia mkoba wake akawa anaufungua na kuufunga, na muuguzi akawa anamwelekea bibi.

"Akitumwa mambo matatu, hufanya mangapi?"

"Moja. Na hilo moja halifiki mwisho."

"Akikaa kula?"

"Hakai. Anakula huku anazunguka. Tonge moja hapa, tonge moja mlangoni."

"Hupoteza vitu?"

"Uuu! Viatu kila mwezi. Juzuu yake kaisahau ufukweni, maji yakaichukua, mwalimu wa chuoni akamchapa mpaka fimbo ikavunjika. Ukimtuma duka harudi, utamkuta anatazama watu wanakata mbao. Siku moja kapanda mnazi, kafika juu, kasahau alilopandia, kakaa huko mpaka magharibi na mimi namtafuta kwenye visima—"

"Mama," alisema Tabia.

"—ukimuuliza kwa nini, anakwambia sijui. Kila kitu sijui. Baba yake akasema huyu anatufanya wajinga—"

"Mama. Tahiya hajapanda mnazi hata siku moja. Tahiya hana baba nyumbani. Huyo unayemsema si Tahiya."

Sakafuni vifuniko vya chupa vilikuwa vikigongana. Muuguzi Wakil aliweka kalamu chini.

"Ni nani huyo, Bi Mwanakheir?"

"Mjomba wake," alijibu. "Mwanangu."

"Naye alikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

"Mlimfanyaje?"

Hapo Tahiya akainua kichwa kutoka sakafuni. "Mimi Bibi kanifunga kwa kanga. Nilikuwa mbuzi." Akaonesha mguu.

Bi Mwanakheir alingoja afokewe. Alikuwa tayari, kufokewa alikuzoea. Muuguzi akautazama mguu, akaupaka dawa, akarudi kitini pake.

"Ulimfunga kwa nini?"

"Dirisha."

"Dirisha litieni nondo," alisema Wakil. "Mtoto asifungwe tena, Bi Mwanakheir. Funga dirisha."

Kisha akaeleza, polepole, na mara mbili mbili. Alisema kila mtoto ana utundu wake, na mtoto hapewi jina la maradhi kwa kuvunja vikombe viwili. Wao huangalia kama mambo yalianza angali mdogo, kama yamedumu, kama yako nyumbani na skuli pia, na kama yanamzuilia kusoma na kuishi na wenzake. Alisema hayo hayamaliziki kwa siku moja, daktari atamwona baada ya wiki mbili, na mwalimu naye atajaza karatasi yake. Lakini kwa anayoyaona, huyu mtoto si jeuri wala hana shetani.

"Mimi na wewe," alisema, "jambo likitaka kutoka kichwani kuja mkononi, hupita mlangoni, na mlangoni kuna bawabu. Anauliza: wende? usende? Huyu bawabu wake anasinzia. Jambo linapita tu. Likishapita ndipo anashituka kama nyinyi mnavyoshituka. Kizuri na kibaya anavijua. Kinachomshinda ni kusimama hapo katikati."

"Na bakora?"

"Bakora itamfunza kuiogopa bakora. Bawabu haimwamshi."

Alimwandikia mambo ya kufanya, na Tabia akayasoma kwa sauti: atumwe jambo moja, si matatu, aambiwe kwa karibu, jicho kwa jicho, akifanya vyema asifiwe papo hapo, hata kama ni dogo, alale mapema, apewe kazi za kumwinua kitini kabla hajainuka mwenyewe.

"Atapona?" aliuliza Tabia.

"Wengine hutulia wakikua. Wengine huwa nayo ukubwani. Hubadilisha kazi, hugombana na waajiri, ndoa hazikai. Lakini wakijulikana mapema wengi huishi vizuri. Yanayowaharibu zaidi si haya maradhi. Ni kuambiwa kila siku wewe mbaya, mpaka wakakubali."

"Haya maradhi yana jina?" aliuliza Bi Mwanakheir.

Muuguzi akaliandika kwenye kipande cha karatasi. Lilikuwa refu, maneno matano, *upungufu wa umakini na utukutu* na jengine la kitaalamu chini yake. Bi Mwanakheir hakujua kusoma vizuri. Aliikunja karatasi akaitia kwenye fundo la kanga yake. Tabia alimtazama, akidhani atalia. Hakulia. Aliuliza tu nondo za dirisha huuzwa wapi.

* * *

Jumatatu Mwalimu Thuwaiba aliisoma barua ya Muuguzi Wakil akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, na nyuma yake watoto sabini na watatu wakipiga kelele.

"Anasema nimkalishe mbele," alisema. "Mbele nna watoto wasioona ubao. Anasema nimwambie jambo moja moja. Wengine wangapi niwaambie yote?" Aliigeuza barua, kama kwamba nyuma yake atakuta mwalimu wa pili. "Huyo muuguzi aje akae hapa siku moja."

"Ni kweli, mwalimu."

"Mimi sikumpiga kwa kumchukia, Bibi."

"Najua. Na mimi vilevile."

Wakatazamana kidogo, wanawake wawili wenye mikono iliyochoka. Mwalimu Thuwaiba akamwinamia Tahiya mpaka macho yakakutana. "Tahiya. Nenda ofisini, kaniletee chaki. Chaki tu."

Mtoto akatoka mbio. Wakangoja. Walingoja muda mrefu kuliko njia yenyewe, na kila mmoja alijua anachokifikiria mwenzake. Kisha akatokea pembeni mwa ukuta, anahema, chaki mbili mkononi na ua la mwarobaini sikioni.

"Umeleta," alisema Mwalimu Thuwaiba, na sauti yake haikuwa na uzoefu wa neno lililofuata. "Vizuri."

Tahiya alibaki amesimama, hajui afanye nini na neno hilo. Kwa kitambo kidogo alikuwa ametulia kabisa.

Mwalimu mkuu aliwapa mpaka mwisho wa muhula. Yusra alihamishiwa mkondo mwengine. Siku ya Jumanne, adhuhuri haijafika, Tahiya alikwisha kumwagia mwenzake maji begini. Lakini karatasi ya kumwita bibi yake haikuletwa.

* * *

Jumanne hiyohiyo, baada ya kupeleka vitumbua, Bi Mwanakheir alikwenda Mwanakwerekwe. Hajapata kufika kwenye meza ya mwanawe. Aliuliza kwa watu watatu, na wote walimjua. "Ubwa wa viatu? Yule asiyekaa?" Wakamwonesha.

Alimkuta katikati ya chungu ya viatu, akitafuta mwenzi wa kiatu cha buluu huku akizungumza na mteja na huku akimfokea kijana wa meza ya jirani. Alipomwona mama yake alinyooka, kiatu mkononi.

"Shikamoo, Mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuja kukuona."

Ubwa hakujua la kufanya. Akapindua ndoo, akaifuta kwa shati, akamkalisha. Yeye mwenyewe hakukaa. Bi Mwanakheir alimweleza kama alivyopanga njiani: jino, skuli, hospitali, muuguzi, bawabu anayesinzia. Katikati ya maneno Ubwa aliondoka mara mbili, mara moja kwenda kumrudishia mtu chenji, mara moja bila ya sababu. Kila aliporudi, mama yake aliendelea pale pale alipoachia.

"Nikamweleza mambo ya Tahiya," alisema, "kumbe nakueleza wewe."

Akafungua fundo la kanga, akampa karatasi. Ubwa aliisoma akitikisa midomo. Akaisoma tena. Akaigeuza.

"Yote haya jina?"

"Ndiyo jina lake."

"Jina refu." Akacheka kidogo, kisha uso ukarudi. "Nilidhani mimi ni mbaya tu."

"Mwanangu, mimi sikujua."

"Najua hukujua, Mama."

Akachuchumaa kupanga viatu. Alipata jozi moja, akafunga kamba zake pamoja, akaiweka kando. Akapata ya pili. Halafu akasema, bila ya kuinua kichwa na bila ya hasira yoyote:

"Lakini nilikuwa nakwambia."

"Nini?"

"Ukinifunga, nilikuwa nakwambia. Mama, nataka kukaa, siwezi. Mwalimu wa chuoni nilimwambia. Baba nilimwambia. Siwezi, siwezi. Kila siku nilikuwa nasema. Mkadhani sitaki."

Bi Mwanakheir alitafuta tena kifuani mwake, na tena hakukuta kitu, ila pahala peupe, pakubwa, kama chumba kilichohamwa. Alitaka kusimama aage, aondoke kama mwanawe aondokavyo sikukuu. Lakini akabaki juu ya ndoo, ameshika magoti yake kwa mikono miwili, na watu wanapita baina yao wakiuliza namba arubaini, namba thelathini na nane.

Ubwa alimwona. Aliacha viatu. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afike, alikaa. Alikaa chini, juu ya gunia, bega lake karibu na goti la mama yake, asiliguse. Alikaa muda ambao kwake yeye ulikuwa mrefu. Mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika wenyewe.

"Huyo mtoto skuli anatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita na nusu."

"Kesho mlete hapa."

"Hapa? Ubwa, una akili? Viatu vyote hivi umevipanga. Atakuvurugia."

Ubwa akazitazama jozi zake, zilizofungwa na zisizofungwa, na viatu ambavyo wenzi wao hawajaonekana tangu asubuhi.

"Na avuruge," alisema.